Nchi ya riwaya yangu ni ya kubuni, je Pasaka nayo naweza kuibuni?

SWALI: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Inatokea katika nchi niliyoitunga mwenyewe, Jamhuri ya Bandarika. Pwani wengi ni Waislamu, bara ni Wakatoliki na Walutheri, na ilitawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza. Hadithi inaanza 1987 na kuisha 1989. Ili nisijichanganye nimetengeneza orodha ya sikukuu za kila mwaka: Uhuru 10 Aprili, Pasaka 12 Aprili, halafu Kupaa Bwana, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Watakatifu Wote na Krismasi, zote mapumziko ya kitaifa. Wapenzi wawili wanatoroka kwa jahazi usiku wa Ijumaa Kuu ya 1988, giza totoro, kengele za kanisa zikilia. Dada wa yule msichana anafunga ndoa 25 Machi 1989, siku ya somo wa parokia yao, Bikira Maria Mpashwa Habari. Mwishoni Rais anafuta Krismasi. Rafiki yangu aliyesoma mswada ameniambia Pasaka haina tarehe maalumu. Nikamjibu nchi ni yangu, naweka ninavyotaka. Nani ana haki? Na msomaji ataamini kweli kwamba Rais anaweza kufuta Krismasi?"

JIBU: Marahaba, mwalimu, na hongera kwa kufikia hatua ya kuwa na mswada wa kusomwa na mtu mwingine. Wengi huishia kwenye orodha ya wahusika.

Rafiki yako ana haki, nawe unayo kidogo. Bandarika ni yako: bendera ni yako, sarafu ni yako, Rais ni wako umfanye utakavyo. Lakini uliposema bara kuna Wakatoliki na Walutheri, hapo hukutunga watu wapya, uliazima watu waliopo, nao wamekuja na kalenda yao. Padri wa Bandarika anasoma Pasaka kwenye kalenda ileile anayoisoma padri wa Songea na wa Machakos. Ungetunga dini yako, yenye manabii wake na mifungo yake, nisingekuwa na neno. Ila ukimwandikia "Pasaka, 12 Aprili 1988" msomaji aliyekulia kigangoni, mahali fulani atasita. Na kwa kuwa umetaja mwaka, mtu yeyote mwenye kalenda ya zamani anaweza kukukagua.

Tuanze na jinsi tarehe inavyopatikana, maana ukishaielewa hutahitaji kuniuliza mimi wala mtu mwingine.

Pasaka ya Kikristo imetoka ndani ya Pasaka ya Kiyahudi, ambayo hufuata mwezi wa angani: tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, mwezi ukiwa mpevu. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitaka Wakristo wote waadhimishe siku moja, na kanuni iliyokuja kushika ni hii: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia 21 Machi au baada yake. Hiyo 21 Machi imechukuliwa kuwa ndiyo siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Kwa hiyo jua lifike mahali pake kwanza, kisha mwezi ujae, kisha Jumapili ndiyo ingojewe. Ndiyo maana Pasaka haiji kabla ya 22 Machi wala haivuki 25 Aprili.

Mwezi huo wa Kanisa ni wa hesabu, hauangaliwi kwa macho kama mwandamo wa Ramadhani. Mara nyingi hesabu na anga hukubaliana, mara chache hupishana. Mwaka 2019 mwezi ulijaa 21 Machi yenyewe, na mtu wa darubini angetarajia Pasaka tarehe 24 Machi. Kanisa likasali Pasaka 21 Aprili. Waorthodoksi wao hupiga hesabu hiyo kwa kalenda ya kale ya Juliasi, iliyoachwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582 na ambayo leo iko nyuma kwa siku 13, ndiyo maana Pasaka yao mara nyingi huchelewa. Bandarika haina Waorthodoksi, basi tuwaache.

Sikukuu nyingine zimening'inia kwenye Pasaka. Jumatano ya Majivu ni siku 46 kabla yake. Kwaresima husemwa ni siku 40 kwa sababu Jumapili sita hazihesabiwi kuwa za mfungo. Kupaa Bwana ni siku ya 40 ukianza na Pasaka yenyewe, kwa hiyo daima ni Alhamisi, ingawa maaskofu Wakatoliki wa nchi nyingi wameihamishia Jumapili inayofuata. Pentekoste ni siku ya 50. Ukisogeza Pasaka, umeusogeza msururu mzima. Krismasi, Kupalizwa (15 Agosti) na Watakatifu Wote (1 Novemba) ndizo zenye tarehe zake, na hizo haziguswi na mwezi.

Sasa miaka yako. Mwaka 1987 Pasaka ilikuwa 19 Aprili. Mwaka 1988 ilikuwa 3 Aprili. Mwaka 1989 ilikuwa 26 Machi. Angalia inachokifanya hiyo kwa Uhuru wako wa 10 Aprili. Mwaka 1987 Uhuru unaangukia Ijumaa ndani ya Kwaresima, siku mbili kabla ya Dominika ya Matawi: gwaride lipo, lakini Mkatoliki anayeshika mfungo hali nyama, na ng'ombe wa Serikali wameshachinjwa. Mwaka 1988 unaangukia Jumapili moja baada ya Pasaka. Mwaka 1989 ni Jumatatu, na Ramadhani ya mwaka huo iliandama tarehe 7 au 8 Aprili. Yaani Rais wako anaandaa dhifa ya mchana ya Uhuru, pilau na soda, na wazee wote wa pwani walioketi jukwaa kuu wamefunga. Hiyo sura wewe huna kwenye mswada, na kalenda imekupa bure.

Na lipo lingine ambalo nadhani hukuliona. Ukiweka Pasaka 12 Aprili kila mwaka, Ijumaa Kuu inakuwa 10 Aprili kila mwaka. Umeipa Bandarika gwaride, mizinga 21 na ngoma za Uhuru siku ambayo Wakristo wake wako kwenye Njia ya Msalaba. Hakuna bunge lenye Wakristo ndani yake lingeliacha hilo hata kwa mwaka wa pili. Ila likitokea mara moja moja, ni mkasa wa kweli. Pasaka iliangukia 12 Aprili mwaka 1998, 2009 na 2020. Tanzania mwaka 2023 Ijumaa Kuu ilikuwa 7 Aprili, siku ya Kumbukumbu ya Karume, na wafanyakazi wakahesabu sikukuu moja waliyopunjwa. Mwaka 2038 Jumatatu ya Pasaka itaangukia 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano.

Kama bado unataka Pasaka isiyotembea, jua kwamba wapo waliokutangulia. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1928 ya kuifunga Pasaka kwenye Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Aprili. Sheria hiyo haijawahi kuanza kutumika, kwa sababu ilitaka kwanza makanisa yasikilizwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao mwaka 1963 ulisema haupingi Pasaka kuwekwa kwenye Jumapili maalumu, mradi Wakristo wengine wakubali. Hawajakubaliana. Kwa hiyo bunge la Bandarika linaweza kupanga siku ya mapumziko ya Aprili likaiita Pasaka, lakini haliwezi kumwamuru askofu lini awashe mshumaa. Ukilitumia hilo kama ugomvi ndani ya hadithi, nitakuwa wa kwanza kununua kitabu. Ukilitumia kama urahisi wa mwandishi, hapana.

Hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi katika orodha yako, kubwa kuliko tarehe. Umechanganya sikukuu ya Kanisa na siku ya mapumziko. Sikukuu ya Kanisa ipo hata ofisi zikiwa wazi. Mapumziko hutolewa na sheria ya nchi, na nchi hutoa kwa kuangalia nani aliitawala, nani ana wingi wa watu na nani anahitaji kutulizwa. Kanisa linaamua lini, Serikali inaamua nani alale nyumbani.

Tazama majirani. Tanzania na Kenya, zilizopitia mkono wa Mwingereza, zinapumzika Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na siku inayofuata Krismasi. Kupaa Bwana haipo. Kupalizwa haipo. Watakatifu Wote haipo. Siku hiyo Mkatoliki wa Moshi anakwenda misa ya alfajiri ndipo aende kazini. Vuka mpaka uingie Burundi, alikokuwa Mbelgiji: Kupaa, Kupalizwa na Watakatifu Wote zote ni mapumziko. Rwanda inapumzika 15 Agosti. Madagascar, ya Mfaransa, inapumzika Kupaa, Jumatatu ya Pentekoste, Kupalizwa na Watakatifu Wote. Sasa wewe umesema Bandarika ilitawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, lakini orodha yako ni ya Mbelgiji. Msomaji wa Bujumbura atajiona nyumbani. Wa Arusha atajiuliza Mwingereza alipitia wapi. Na umezisahau zile mbili ambazo Mwingereza asingekosa kuziweka, Jumatatu ya Pasaka na 26 Desemba.

Walutheri wako nao wamekuwa wageni katika nchi yao. Hawana Kupalizwa, na Rais Mlutheri akiulizwa kwa nini taifa zima lipumzike 15 Agosti atapata shida kujibu. Wape chao: Siku ya Matengenezo ya Kanisa 31 Oktoba, au Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, ambapo watoto wa KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, husimama mbele kuimba na kukariri mistari huku mama zao wakitamka nao kimyakimya kutoka kwenye mabenchi. Hizo si siku za mapumziko, ni sikukuu za watu, na riwaya inazihitaji kuliko gazeti la Serikali linavyozihitaji.

Ningeomba pia uwape Wakristo wa Bandarika sikukuu moja iliyoota hapohapo. Uganda inapumzika 3 Juni kwa ajili ya mashahidi waliouawa zama za Kabaka Mwanga. Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo siku hiyo mwaka 1886, na Papa Paulo wa 6 aliwatangaza mashahidi Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wana mashahidi wao katika kundi hilo, ndiyo maana siku hiyo hakuna anayeiita ya dhehebu moja. Baadaye Uganda ikaongeza 16 Februari, siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 chini ya Idi Amin. Kongo ya Kinshasa tangu 2023 inapumzika 6 Aprili kumkumbuka mhubiri Simon Kimbangu, aliyeanza huduma yake Nkamba mwaka 1921 na kufia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Wakimbangu, yaani waumini wa kanisa lake, kwa taarifa yako, husherehekea Krismasi 25 Mei. Ukitaka kuonyesha kwamba sikukuu ya dini inaweza kugeuka kumbukumbu ya taifa bila hotuba ndefu, tunga shahidi wa Bandarika mwenye kaburi, na njia ya vumbi ambayo watu huitembea kwa siku kadhaa kulifikia.

Kuhusu sikukuu kuangukia Jumapili, kama Uhuru wako wa 1988, amua sheria ya nchi yako na uishike. Kenya, sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo si sikukuu huwa mapumziko. Tanzania haina utaratibu huo, ikiangukia Jumapili imekwenda na maji. Mwajiri wa Bandarika na mfanyakazi wake watakuwa na maoni tofauti juu ya ipi ni bora, na hapo pana mazungumzo mazuri ya kijiweni.

Twende kwenye jahazi. Sentensi yako ya Ijumaa Kuu ni nzuri kuisoma, lakini ina mambo mawili yasiyowezekana. La kwanza ni giza. Pasaka hufuata mwezi mpevu kwa siku moja hadi saba, kwa hiyo Ijumaa Kuu daima ina mwezi mkubwa, ama unakaribia kujaa, ama umejaa, ama umeanza kumegeka. Kuna miaka ambayo mwezi huchomoza umechelewa na saa za mwanzo za usiku zikawa na giza. Mwaka 1987, kwa mfano, Jumamosi Kuu mwezi ulichomoza karibu saa nne usiku. Lakini wewe umechagua 1988, mwaka mbaya kuliko yote mitatu kwa mtoro: mwezi ulijaa Jumamosi 2 Aprili mchana, kwa hiyo usiku wa Ijumaa Kuu ulikuwa juu tangu kabla ya jua kuzama hadi alfajiri. Anayetweka tanga jeupe usiku ule anaonekana kutoka mnara wa forodha.

Una njia ya kutokea, nayo ni masika. Kama Bandarika iko pwani ya Afrika Mashariki, Aprili mawingu yapo na mvua ipo. Andika kwamba mwezi ni mpevu na wingu limeufunika, kisha lipasue lile wingu wakati usiofaa. Nahodha wako pia atafurahi, maana siku zile za mwezi mpevu ni za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na jahazi lililolazwa kwenye mchanga litaelea saa nahodha anazozijua na askari wa bara asizozijua. Mwulize mvuvi yeyote mzee akupangie saa.

La pili ni kengele. Katika Kanisa Katoliki kengele hulia kwenye wimbo wa Utukufu wa misa ya Alhamisi Kuu, kisha hunyamaza kabisa. Ijumaa Kuu altare iko tupu, vitambaa vimeondolewa, hakuna misa, na pale ambapo kengele ingehitajika hugongwa mbao. Zinalia tena kwenye Utukufu wa mkesha wa Pasaka, usiku wa Jumamosi, zote kwa pamoja, kubwa za mnarani na ndogo za watumishi wa altare, na waamini wengine huja na za kwao kutoka nyumbani. Kama kengele ndiyo ishara ya wapenzi wako, wahamishie Jumamosi. Watapata kitu bora zaidi: taa zote za kanisa zimezimwa, watu wamesimama nje kuuzunguka moto mpya, na padri anauchora mshumaa wa Pasaka msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe zake. 1-9-8-8. Mhusika wako anaweza kuusoma mwaka wa hadithi kwenye nta badala ya wewe kuutaja. Kisha watu wanaingia kwenye kanisa lenye giza, mishumaa inawashwa mmoja kwa mwingine, na katika msongamano ule hakuna mama anayejua binti yake kabaki nje.

Harusi. Tarehe 25 Machi 1989 ilikuwa Jumamosi Kuu. Kanisa Katoliki halifungishi ndoa Ijumaa Kuu wala Jumamosi Kuu. Padri wa parokia angeikataa tarehe hiyo siku ileile wachumba walipofika ofisini kuandikisha. Na hata mwaka ungekuwa mwingine, 25 Machi karibu daima imo ndani ya Kwaresima, wakati ambao parokia zetu nyingi haziruhusu harusi za shangwe na bi harusi mwenyewe hataki kukata keki huku shangazi zake wamefunga. Hata sikukuu yenyewe ya Kupashwa Habari huhamishwa ikiangukia Juma Kuu au juma la kwanza la Pasaka: mwaka 1989 iliadhimishwa Jumatatu 3 Aprili. Kamati ya harusi ingepanga Jumamosi ya 1 Aprili. Kwaresima imeisha, kumbi zinagombaniwa, Ramadhani haijaandama na jamaa wa pwani wanaweza kula. Ukitaka harusi iliyoingia dosari, ipeleke 8 Aprili, nusu ya wageni wamefunga na wapishi hawajui wapakue saa ngapi.

Sasa Rais wako na Krismasi. Ndiyo, inaaminika, ila si kwa namna ulivyoeleza. Umeandika "anafuta", kama mtu anayefuta ubao. Kuba iliiondoa Krismasi kwenye orodha ya mapumziko mwaka 1969, na sababu iliyotolewa ilikuwa mavuno ya miwa; taifa lilikuwa limejiwekea lengo la tani milioni 10 za sukari na mikono ilihitajika shambani. Hakuna aliyesema Kristo hakuzaliwa. Ikarudi mwaka 1997, Papa Yohane Paulo wa 2 akikaribia kuzuru kisiwa hicho Januari 1998. Msumbiji ilichukua njia ya upole zaidi: 25 Desemba ni mapumziko, lakini jina lake rasmi ni Siku ya Familia. Afrika Kusini nayo huiita Jumatatu ya Pasaka Siku ya Familia, na baada ya 1994 iliibakiza Ijumaa Kuu ila ikaiondoa Kupaa Bwana kwenye orodha kabisa. Viongozi werevu hubadili jina kwanza. Jina jipya likizoeleka, maana ya siku hulegea yenyewe, na hakuna aliyepigwa mabomu ya machozi.

Na ukifuta kwa kalamu, sheria inaweza kukukatalia. Katiba ya Kenya ya 2010 ilitaja siku tatu tu za kitaifa, Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, na watu wakaamini Siku ya Moi ya 10 Oktoba imekufa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema bado ni mapumziko, kwa kuwa sheria ya sikukuu haikuwa imebadilishwa. Baadaye siku ileile ikaitwa ya Utamaduni, na sasa ni ya Mazingira. Mtoto aliyezaliwa Nairobi siku hiyo amesherehekea kuzaliwa kwake chini ya majina matatu. Kwa hiyo mpe Rais wako mwanasheria mkuu mwenye wasiwasi, anayemwambia kwamba tamko la redio halitoshi, lazima muswada.

Jambo moja zaidi kuhusu siasa yake. Katika nchi yenye pwani ya Waislamu na bara ya Wakristo, kiongozi hawezi kugusa Krismasi peke yake akabaki salama. Siku ya pili yake wataulizana: na Idi je? Akiiacha Idi, bara itasema ameuzwa. Akiigusa, pwani itafunga maduka. Ndiyo maana marais wa namna yake huja na hoja ya uzalishaji, "siku za kazi zinapotea", ambayo inaonekana haina dini. Kalenda inamsaidia tena: mwaka 1987, kwa mfano, Kupaa Bwana ilikuwa Alhamisi 28 Mei na Idi-el-Fitri ikaangukia siku hizohizo za 28 na 29. Rais angeweza kusimama akasema wiki nzima imeliwa na sikukuu, na takwimu zake zikawa za kweli.

Tena angeanza lini? Krismasi ya 1988 iliangukia Jumapili. Mtu mjanja angepitisha sheria mwaka huo, maana ofisi zilikuwa zimefungwa hata hivyo na hakuna ambaye angehisi kitu zaidi ya kunung'unikia 26 Desemba. Uchungu wenyewe ungekuja 1989, Krismasi ikiwa Jumatatu, king'ora cha kiwanda kikalia saa moja asubuhi watu wakiwa wametoka misa ya usiku. Hadithi yako inaishia mwaka huohuo.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Mpelekee padri au katekista kurasa za mkesha na za harusi azisome mbele yako. Taratibu hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na yeye ataona kitambaa cha rangi isiyo yake kabla mimi sijageuza ukurasa. Omba parokia ikuonyeshe kalenda ya liturujia ya miaka hiyo mitatu, nyingine huwa bado ziko kabatini. Walutheri wako wapeleke kwa mchungaji, usiwakisie kutoka kwa Wakatoliki. Mambo ya Ramadhani na mwandamo mwulize shehe au mwalimu wa madrasa wa pwani, hasa swali la nani alitangaza mwezi umeonekana, kwa sababu mji mmoja unaweza kufunga leo na wa jirani kesho. Na ule muswada wa Rais mpe mwanasheria anayeijua katiba ya miaka ya chama kimoja, maana mwaka 1989 Bandarika, kama imefanana na majirani zake, haina chama cha upinzani cha kusimama bungeni kuutetea usiku wa Noeli. Atakayesimama ni mbunge wa chama tawala, na lazima uamue ni nani.